Kinanda cha Vitufe Vizito na Piano ya Kompyuta: Kipi Kitangulie?

Mpiga kinanda anayetaka sauti ya piano halisi nyumbani kwake huwa anaanza na swali la pili. Anauliza programu ipi ina piano nzuri kuliko zote, anatajiwa majina matano, anapakua moja kwa bando la usiku, kisha anaipiga kwa kinanda kile kile cha vitufe 61 vyepesi alichojifunzia kwaya. Piano iliyorekodiwa kwa gharama kubwa inatoka kama imepigwa na mtu mwenye hasira: noti moja inapasua masikio, inayofuata haisikiki. Basi lawama zote zinaishia kwa programu.

Swali la kwanza ni la vidole. Programu unaweza kuibadilisha usiku mmoja, na nyingine ni za bure. Vitufe utakaa navyo miaka, na mkono wako utafuata tabia zake, nzuri au mbaya. Ukiwa na shilingi mia ya kugawa, mimi nakushauri sabini ziende kwenye vitufe, kumi kwenye pedali na stendi isiyotikisika, na zinazobaki uzigawe kati ya saundi kadi na programu. Watu wa studio watanipinga, lakini wengi wao wanaandika noti kwa kipanya.

Kwenye piano ya kweli kitufe hakitoi sauti. Kinarusha nyundo, na nyundo ndiyo inayogonga uzi. Ndiyo maana kina uzito: kukishusha taratibu katikati ya piano kunahitaji takriban gramu 50, na kinazama kama milimita 10. Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano ya kwanza mjini Florence, Italia, karibu mwaka 1700, alichokuwa akikitafuta ni hicho hicho, yaani kidole kiamue sauti iwe ndogo au kubwa. Vinanda vya umeme vyenye nyundo huiga mwendo huo kwa kuweka kipande chenye uzito kinachoinuliwa na kila kitufe, ingawa ndani hakuna uzi wa kugongwa.

Madukani utakutana na aina tatu. Kuna vitufe vya springi tupu, kama vya vinanda vingi vya midundo. Kuna vya nusu uzito, ambavyo ni springi ngumu zaidi pamoja na uzito kidogo. Halafu kuna vya nyundo. Muuzaji ataviita vyote “vizito”, na wala hadanganyi kwa makusudi, kwa sababu hata boksi linachanganya. M-Audio, kwa mfano, wana Keystation 88 na Hammer 88. Zote zina vitufe 88, na kwenye picha huwezi kuona tofauti ya maana. Ya kwanza ni nusu uzito, ya pili ni ya nyundo. Kwa mtu anayejifunza piano, au anayejiandaa kwa mitihani ya muziki ya ABRSM, ya kwanza haifai, hata iwe bei rahisi kiasi gani.

Kitu kingine kisichoonekana kwenye picha ni vihisi vilivyo chini ya vitufe. Kinanda hakipimi nguvu ya kidole. Kinapima mwendo: kitufe kinaposhuka kinagusa kihisi kimoja, halafu cha pili, na muda uliopita kati ya miguso hiyo hugeuzwa kuwa namba kuanzia 1 hadi 127. Huo ndio utaratibu wa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta vimekuwa vikizungumza tangu 1983. Vihisi vikiwa viwili, kitufe sharti kipande karibu hadi juu ndipo kipige tena. Kihisi cha tatu kikiwepo, unaweza kurudia noti ukiwa umeinua kitufe nusu tu. Yamaha P-45, ambayo imeenea sana, ina viwili. Roland FP-10, ya daraja lile lile, ina vitatu. Kwa nyimbo za kawaida za ibada hutaona tofauti. Ukifika kwenye vipande vyenye noti moja inayorudiwa haraka, utaiona.

Sasa ingia dukani, na kabla ya kuomba kinanda kiwashwe, kaa nacho kikiwa kimezimwa. Sauti ya dukani hudanganya. Bonyeza kitufe cha katikati polepole sana hadi chini, kisha kiachie taratibu hivyo hivyo: kinafuata kidole chako kinapopanda, au kinabaki nyuma? Rudia kitufe kimoja kwa vidole vinne mfululizo, haraka uwezavyo. Halafu fanya jaribio ambalo wanunuzi wengi hulisahau: bonyeza kitufe cheupe kule ndani kabisa, katikati ya vyeusi viwili, karibu na ukuta wa kinanda. Kwenye vinanda vyembamba bawaba ya kitufe iko karibu, kwa hiyo kule ndani kitufe kinakuwa kigumu mno. Kwa wimbo wa C hutalijua hilo. Kwa wimbo wenye flati tano, mkono mzima unahamia kule, na baada ya nusu saa kiganja kinauma. Mwisho, shika kitufe ukitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida; kugonga jirani yake si kawaida.

Sikiliza pia kelele ya vitufe vyenyewe. Ukiishi ghorofani, hedifoni zitakuficha wewe, lakini mdundo wa nyundo utapita kwenye stendi na sakafu hadi kwa jirani wa chini. Zulia nene chini ya stendi husaidia kwa kiasi fulani.

Kwa kinanda cha mtumba, hamia kwenye umeme. Kiwashe na upige kila kitufe, vyote 88, mara kadhaa kwa nguvu ile ile ndogo. Kimoja kikiruka ghafla na kutoa sauti kubwa, au kikikaa kimya mara moja katika kila tatu, mpira wa vihisi una vumbi au umechoka. Katika ukanda wa pwani, kwa unyevu na hewa ya chumvi, hali hiyo si ngeni. Mara nyingi ni kazi ya fundi kufungua na kusafisha, kwa hiyo usikikimbie kinanda, punguza bei. Adapta nayo iangalie kwa macho yako. Bidhaa zilizotumika Japani zilitengenezewa volti 100, za Marekani volti 120, na kwetu soketi inatoa volti 230 hadi 240. Kama maandishi ya adapta yanasema inapokea 100 hadi 240, una amani. Kama yanasema 100 peke yake, tafuta adapta nyingine yenye volti za kutoa zile zile, ampea zisizopungua, na mchoro ule ule wa alama za chanya na hasi kwenye kichwa cha plagi, kwa kuwa kampuni hazifanani katika hilo.

Linakuja swali la kontrola, yaani kinanda kisicho na sauti yake, kinachotuma MIDI tu kwenye kompyuta. Zipo nzuri sana. Studiologic SL88 inatoka kwa Fatar wa Recanati, Italia, kampuni ambayo mitambo yake ya vitufe imo pia ndani ya vinanda vya majina mengine makubwa, kama Arturia KeyLab 88 na Kontrol S88 ya Native Instruments. Kawai VPC1 ina vitufe vya mbao na inasifiwa na wapiga piano kwa haki, ila ina uzito wa karibu kilo 30, na huo si mzigo wa bodaboda.

Hata hivyo, kwa wasomaji wengi wa hapa kwetu sipendekezi kontrola tupu. Chukua piano ya dijitali yenye tundu la USB: Yamaha P-45 au mrithi wake P-145, Roland FP-10, Kawai ES120, Casio CDP-S110 au PX-S1100. Kwa kompyuta, hizo nazo ni kontrola, kwa sababu zinatuma MIDI ile ile. Tofauti ni kwamba laptopi ikigoma katikati ya ibada, au ikiamua kujisasisha, unapandisha volyumu ya kinanda na wimbo unaendelea. Kontrola tupu katika hali hiyo ni meza ndefu. Casio nilizozitaja zina faida nyingine ambayo wachambuzi wa Ulaya huipita kwa mstari mmoja: zinakubali betri sita ndogo za AA. Umeme ukikatika, kinanda kiko hai, laptopi ina betri yake, saundi kadi ndogo inakula umeme wa laptopi, na mazoezi hayasimami. Ninakubali kwamba wembamba wake unaleta ule ugumu wa kule ndani, kwa hiyo pima mwenyewe kipi kinakusumbua zaidi.

Waya wa kuunganisha kwa kawaida ni ule ule wa printa, wenye kichwa cha mraba. Ukishaunganisha utasikia piano mbili kwa pamoja, ya kinanda na ya kompyuta. Shusha volyumu ya kinanda hadi sifuri; namba zinazokwenda kwenye kompyuta hazibadiliki.

Sasa programu. Zimegawanyika katika koo mbili, na tofauti yake inagusa diski yako na bando lako moja kwa moja.

Ukoo wa kwanza ni wa sampuli. Watu wamekaa na piano ya kweli, wakarekodi noti baada ya noti, kwa nguvu tofauti. Chukua Salamander Grand Piano, iliyorekodiwa na Alexander Holm kwenye Yamaha C5 na kutolewa bure. Hakurekodi vitufe vyote 88. Alirekodi kimoja katika kila vitatu, jumla 30, kila kimoja kwa ngazi 16 za nguvu. Hizo ni sauti 480. Kitufe ambacho hakikurekodiwa kinaazima sauti ya jirani yake, ikipandishwa au kushushwa nusu toni. Kwa masikio ya kawaida huwezi kugundua. Kuifungua unahitaji programu ya kuchezesha sampuli za aina ya SFZ, na sforzando ya Plogue inatosha, nayo ni bure.

Anza na hiyo. Nasema hivi nikiwafikiria hasa wanaonunua diski zenye programu za gharama zilizovunjwa kufuli. Mbali na kwamba ni wizi wa jasho la mtu, nyingi zinakuja na virusi, na kompyuta ya studio inakufa pamoja na kazi za wateja. Salamander ni halali na nyepesi, na ikikaa kwenye kinanda kizuri inapita piano ya gharama iliyo kwenye kinanda kibovu.

Wakubwa wa ukoo huu wanakula nafasi. Garritan CFX Concert Grand, Yamaha CFX iliyorekodiwa katika studio za Abbey Road, London, inazidi GB 100 ikiwa kamili. Piga hesabu ya bando kwanza, au tafuta ofisi yenye intaneti isiyopimwa na diski ya nje. Noire ya Native Instruments ni ndogo zaidi na ina tabia ya kipekee: ni piano ya mpiga piano Nils Frahm, iliyorekodiwa katika jengo la Funkhaus mjini Berlin, na ina toleo lenye kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, sauti ya chini inayofaa filamu na nyimbo za taratibu. Kwa bendi yenye ngoma na gitaa la besi, sauti hiyo inazama. Piano inayopendeza ikiwa peke yake si lazima isikike kwenye kundi. Kwa kundi, tafuta inayong’aa juu na isiyojaa sana chini.

Ukoo wa pili hauna rekodi. Kompyuta inakokotoa sauti papo hapo kwa kanuni za fizikia za nyuzi, nyundo na ubao wa piano. Anayejulikana zaidi hapo ni Pianoteq ya Modartt, wa Toulouse, Ufaransa, tangu 2006. Ukubwa wake ni makumi ya MB tu, kwa hiyo unaipakua kwa simu wakati chai inachemka. Kuna toleo la majaribio la bure: linanyamazisha baadhi ya vitufe na linajizima baada ya dakika 20, lakini unapata picha kamili. Wengine husikia ndani yake ugumu fulani wa kimashine, hasa noti za katikati zinapopigwa kwa nguvu. Mimi pia huusikia kwenye hedifoni, na husahau kabisa baada ya kupiga kwa robo saa, kwa sababu inamfuata mpigaji kuliko sampuli yoyote: hakuna ngazi 16, kuna mteremko usio na vidato. Kwa laptopi ya RAM GB 4 na diski ya zamani, huu ndio ukoo wako, ilimradi prosesa isiwe dhaifu kupindukia, maana mzigo wote unaiangukia yenyewe.

Sampuli zina mzigo mwingine. Programu huweka mwanzo wa kila sauti kwenye RAM na kusoma sehemu iliyobaki kutoka kwenye diski wakati noti inalia. Diski ikiwa ya kuzunguka, na ukishikilia pedali kwenye wimbo wenye noti nyingi, utasikia mikwaruzo. SSD inaponya hilo. Kama huwezi kuinunua sasa, punguza idadi ya sauti zinazoruhusiwa kulia kwa pamoja hadi 64.

Kabla ya kulipia programu yoyote yenye toleo la majaribio, isikilize kwa njia hizi. Piga noti moja ya chini kabisa, ishikilie, uiache ife yenyewe. Ikianza kujirudia kwa mawimbi yanayofanana, imekatwa na kuungwa. Panda noti moja kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa, ukitafuta mahali sauti inaporuka badala ya kupanda. Kisha, bila kutoa sauti, shusha vitufe vya kodi ya C na uvishikilie, halafu gonga kwa ufupi C ya chini: kwenye piano ya kweli nyuzi ulizozifungua zitaitikia. Halafu, na hili ni kwa wanaopiga kanisani au ukumbini, geuza sauti iwe mono. Mifumo mingi ya spika katika kumbi zetu ni mono, au miksa imepewa waya mmoja tu. Piano iliyorekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizoachana inaweza kupendeza mno kwenye hedifoni, lakini pande mbili zikichanganywa kuwa moja, baadhi ya noti zinakuwa tupu kama zimetolewa kiini. Ikitokea hivyo, tumia upande mmoja peke yake, au chagua mpangilio wa maikrofoni ulio karibu zaidi.

Kuchelewa kwa sauti ndiko kunakokatisha tamaa wengi siku ya kwanza. Unabonyeza, sauti inakuja baadaye. Chanzo kwa kawaida ni bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta hujaza kabla ya kuitoa. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 ni milisekunde 3, ya 512 ni kama 12, ya 1024 ni 23. Hadi kumi hivi mkono unavumilia, kwa kuwa hata hewani sauti inachukua milisekunde moja kwa kila sentimita 34. Kwenye Windows unahitaji draiva ya ASIO, inayokuja na saundi kadi kama Focusrite Scarlett Solo. Asiye na kadi atumie ASIO4ALL, ya bure. Hedifoni za bluetooth weka kando kabisa. Ucheleweshaji wake peke yake ni mkubwa kuliko yote niliyotaja, na hakuna bafa itakayouokoa.

Pedali iliyokuja na kinanda, kile kiplastiki cha mraba, kinateleza sakafuni na kinajua mambo mawili tu, chini na juu. Nunua yenye umbo la pedali ya piano. Kama kinanda chako kinaelewa nusu pedali, nunua inayotuma namba zote za kati, na uhakikishe programu nayo inazisoma. Pedali ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inabaki ukiiachia na kukatika ukikanyaga, si mbovu. Zima kinanda, toa mguu, kiwashe tena. Vinanda vingi hupima pedali wakati wa kuwaka. Isipokubali, tafuta swichi ndogo chini ya pedali.

Imebaki kazi ya nusu saa ambayo wengi hawaifanyi, nayo ndiyo inayoamua kama umenunua vizuri: kuoanisha mkono, kinanda na programu. Fungua programu yoyote inayoonyesha namba za MIDI zinavyoingia. Piga kwa sauti ndogo kabisa unayoweza kuidhibiti, kisha ya kawaida, kisha ya nguvu bila kugonga kwa hasira, na uandike namba. Mkono wa kawaida ukikupa 40 hadi 50, na wa nguvu haupiti 95, kinanda chako ni kizito kwa programu: ngazi za juu ulizolipia hazifikiwi hata siku moja, na piano itaonekana imefifia. Kinyume chake, mkono wa kawaida ukitoa 100, utaisikia kali wakati wote. Karibu kila programu ya piano ina ukurasa wenye mstari wa mwitikio unaoweza kuukunja. Pianoteq inakuongoza hatua kwa hatua. Uinue katikati kwa kinanda kizito, ushushe kwa chepesi. Lenga sauti ndogo iangukie 20 hadi 40, ya kawaida 60 hadi 80, ya nguvu 100 hadi 120, na 127 ibaki kwa ajili ya Pasaka.

Ukimaliza, piga wimbo mmoja unaoujua kwa moyo, wa taratibu, na mkono wa kushoto uwe chini ya wa kulia. Wimbo wa sauti kubwa hauonyeshi kitu. Rekebisha kidogo, piga tena. Ukiridhika, hifadhi mpangilio huo kwa jina la kinanda na si la programu, kwa sababu siku utakayobeba laptopi kwenda kupiga kwa kinanda cha watu, mstari huo hautafaa na utahitaji kutengeneza mwingine.